Watoto Hawagawanywi

Maji yaliingia nyumbani kwa Émilienne kupitia jikoni. Ziwa lilikuwa likipanda polepole tangu mvua zianze. Lilimeza kwanza bustani ya mboga za lenga-lenga ya jirani, likafuata choo, likafuata njia ya kwendea bombani, na watu wa mitaa ya chini ya Baraka wakawa na desturi ya kutoka nje kila kunapokucha kutazama limefika wapi, kama mtu anavyotazama kidonda kwenye mguu wake. Asubuhi hiyo Émilienne hakuhitaji kutoka nje. Mafiga yalikuwa yamezama na masufuria yalikuwa yanaelea.

Hakupiga yowe. Alimfunga mgongoni Dany, kitinda mimba wake, akawaamsha wengine mmoja mmoja na kumpa kila mtu cha kubeba. Placide, mtoto wake wa kwanza wa kuzaa, alichukua gunia la unga wa muhogo. Latifa, binti wa mumewe, alikusanya vitabu vya shule vya wote, akavipanga ndani ya beseni na kujitwika. Waliobaki walibeba mikeka, magodoro na kuku. Mumewe Ayubu, seremala wa mitumbwi, alibaki nyuma kung'oa milango na mabati, maana alijua kwamba ukuta wa udongo ukishakunywa maji hausimami tena. Na kweli haukusimama. Jua lilikuwa halijapanda walipofika kwenye salle, ukumbi wa parokia, ambako majirani wengi walikuwa wamekwisha kujibanza, na Ayubu akawafuata na mabati kichwani, akasema tu kwamba nyumba imekaa chini.

Nyumba hiyo ilikuwa na watoto tisa, na si wote waliotoka tumbo moja wala waliosali mahali pamoja. Watatu walikuwa wa Ayubu na mke wake wa kwanza, aliyefariki kwa uzazi: Latifa, aliyekuwa darasa la mwisho la sekondari, na wadogo zake wawili. Placide na dada yake Chérie, Émilienne alikuja nao baada ya mume wake wa kwanza, Jacques, kufukiwa ndani ya shimo la dhahabu huko Misisi. Wawili wengine walikuwa yatima wa kaka yake Ayubu, ambao hakuna aliyeikumbuka vizuri siku waliyohamia. Walikuja kula idi, wakabaki. Na wawili wa mwisho ndio waliozaliwa humo humo.

Émilienne na Ayubu walifunga ndoa kwenye ofisi ya komini, kwa sababu mama hakutaka kuacha misa na baba hakutaka kuacha swala, na kila mmoja alimheshimu mwenzake kwa kutokuacha. Watoto walifuata upande walikotoka. Mwezi wa Ramadhani Placide alikuwa akifunga pamoja na wenzake mpaka saa sita, halafu anajificha nyuma ya nyumba na kipande cha muhogo. Siku za kuamkia Noeli, Latifa ndiye aliyesuka nywele za wasichana wa kwaya.

Émilienne alikuwa mchuuzi wa samaki. Alfajiri alishuka mwaloni kupokea mikeke kutoka kwa wavuvi, akaibanika kwenye chanja, akaipeleka sokoni, akarudi kusonga bukari, ugali wa muhogo, kwenye sufuria ambayo mtoto mdogo angeweza kuogea. Alijua nani hali ndakala, wale dagaa wa ziwani, wakiwa na vichwa, nani bado anakojoa kitandani, nani husema uongo kumtetea nani. Watu walipomwuliza anawezaje, alijibu kwamba hajawahi kupata nafasi ya kujiuliza.

Jumapili ya kwanza baada ya nyumba kuanguka, ndugu walikuja. Walikuja kwa nia njema, na hilo ndilo lililofanya mambo kuwa magumu. Walikaa kwenye mabenchi ya salle, wakatoa mihogo na sabuni walizoleta, wakatoa pole, kisha wakaanza kugawa watoto. Shangazi yake Ayubu alisema angewachukua wale yatima wawili. Henri, mdogo wa marehemu Jacques, aliyekuwa mkulima huko Lulimba, alisema Placide na Chérie ni damu ya ukoo wake, wangekwenda naye, na Placide kwa vyovyote alikwisha kuwa na mabega ya kazi. Wadogo wa Latifa walipangiwa mjomba wao wa Uvira. Latifa mwenyewe aliombwa na Koko Jamila, mama wa marehemu mke wa Ayubu, aliyeishi Fizi, juu milimani. Koko hakuja, alituma salamu kwa kijana wa pikipiki kwamba anamtaka mjukuu wake huyo, yeye tu. Émilienne angebaki na wawili aliozaa na Ayubu.

Yeye alikuwa pembeni anamnyonyesha Dany. Hakuna aliyemwuliza kitu. Walikuwa wakiongea kwa upole, wakitaja majina ya watoto kama wanawake wanavyopanga mafungu ya samaki mezani, hili lako, hili la yule, hapa tuongeze kidogo. Watoto wenyewe walikuwa wamesimama mlangoni wanasikia. Émilienne alipowaona, alifunga vifungo vya blauzi yake, akasimama.

"Munisamehe, bandugu yangu," alisema. "Aksanti kwa mihogo. Lakini hakuna mutoto anaenda. Hata moja."

Henri alimwuliza, bila ubaya, atawalisha nini. Émilienne alijibu kwamba atawalisha kile alichowalisha juzi. Akaulizwa atawalaza wapi. Akasema hilo bado anatafuta. Shangazi akatikisa kichwa, akasema kiburi cha mwanamke huwa kinawalaza watoto njaa, na wengine wakaitikia kwa kukohoa. Waliondoka wamenuna. Mihogo waliiacha.

Ayubu alikuwa mtu mpole, wa kuzungumza na mbao zaidi ya watu. Ndugu walipokwisha kwenda, alimvuta mkewe kando, nyuma ya salle, akamwambia kwamba watu wale hawakukosea sana. Salle hiyo padri angeihitaji karibuni. Na ilikuwa kwa muda tu, mpaka maji yashuke.

"Kwa muda tu," Émilienne akarudia. Kisha akamwambia jambo ambalo kwa miaka yote ya ndoa alikuwa amelitaja kwa nusu nusu.

Vita vya kwanza vilipofika Fizi alikuwa msichana mdogo, na wazazi wake walifia njiani. Walibaki ndugu wanne ufukweni Mboko, pamoja na umati wa watu waliokuwa wakingoja mashua za kuvukia Tanzania. Nafasi zilikuwa haba. Wakubwa wakakaa chini, kwa upole huo huo, wakawagawa. Yeye akapewa mama mdogo, akavuka mpaka kambini Nyarugusu. Kaka yake akapewa baba wa ubatizo. Wadogo wawili wakapewa watu wengine. Kila mmoja aliambiwa ni kwa muda tu, mpaka vita viishe. Alipokuja kurudi Kongo alikuwa mwanamke mzima. Wale wadogo hajawapata mpaka leo. Kaka yake alisikia yuko Kalemie, akapanda mashua kumfuata, akamkuta sokoni amekaa chini ya mwavuli anauza unite za simu.

"Akaniuliza minataka unite ya kampuni gani," alisema. "Nikamwambia jina yangu. Tukakumbatiana, tukakula pamoja, tukamaliza bya kusema. Hatukugombana, Baba Latifa. Hatuchukiane. Ni kusema tu hatujuane."

Ayubu akasema, basi tutafute paa.

Paa lilipatikana kwa Déogratias. Huyu alikuwa mwenye mashua kadhaa za uvuvi, mtu wa sauti kubwa ambaye watu wengi walipendelea kumsalimia kwa mbali. Alikuwa na depo ya kuhifadhia nyavu kwenye mwinuko, upande wa barabara ya Fizi, mahali ambapo ziwa lisingefika. Émilienne alikuwa amenunua samaki kwake kwa miaka, na alijua shida iliyokuwa ikimsumbua wakati huo: mchanga wa kuanikia ndakala ulikuwa umekwenda na maji, mvua ilikuwa hainyamazi, na samaki wake walikuwa wanaoza. Akamfuata mwaloni, akamwambia kwamba yeye anajua kubanika kwa moshi hata mvua ikinyesha, kwamba familia yake ingeshika kazi hiyo na kulinda nyavu zake pia, na kwamba alichotaka ni kulala ndani ya depo.

Déogratias alicheka. Aliuliza kama anasema kweli, na wale watoto wote.

"Batoto tisa," Émilienne alisema. "Toa huyu wa mugongo, banabakia munane. Njo mikono kumi na sita, bila yangu na ya bwana yangu. Utapata wapi bantu ba namna hiyo?"

Walihamia kabla ya wiki kwisha. Ayubu alikata depo vipande kwa vitenge na maturubai, wasichana upande huu, wavulana upande ule, nyavu katikati. Kila kitu kilinuka samaki, mpaka mkate. Nje, Émilienne alijenga chanja ndefu juu ya mapipa yaliyopasuliwa, akaigawa kazi: hawa wa kuni, hawa wa kupanga, hawa wa kugeuza, hawa wa kufukuza paka. Alikuwa na sauti inayofika mbali, na aliitumia. Asubuhi watoto walikwenda shule. Mchana walirudi kwenye moshi. Déogratias alikuja kutazama, hakukuta kosa, akaondoka akiwa amekasirika kidogo kwa kukosa la kusema.

Mambo yakawa yanakwenda, na kwa sababu yalikuwa yanakwenda, Émilienne hakuona kilichokuwa kinamtokea Latifa.

Latifa alikuwa mwaka wa mtihani wa Serikali, ule watu wanaouita exetat, ambao ukianguka unarudia mwaka mzima. Alikuwa msichana wa maneno machache, mwenye mwandiko mzuri na nidhamu ya baba yake. Alimwita Émilienne Mama Placide, kama majirani walivyomwita, na Émilienne hakuwahi kumwomba amwite vinginevyo. Kwa kuwa alikuwa mkubwa na hakulalamika, kazi ilimwangukia yeye. Alitoka shule, akavua unifomu, akasimama kwenye chanja mpaka giza linaingia, na kitabu chake kikabaki ndani ya beseni.

Siku moja baada ya masomo Émilienne alirudi kutoka sokoni akasikia harufu ya kuungua kabla hajafika. Latifa alikuwa amelala juu ya furushi la kuni, kitabu cha hesabu magotini, na mbele yake safu nzima ya mikeke ilikuwa imekuwa makaa. Samaki hao walikuwa wa Déogratias. Émilienne alimwamsha kwa ukali. Alisema mengi, kwa ile sauti yake, na nusu ya mtaa ikasikia.

Latifa alisimama, akafuta majivu kwenye sketi. Hakulia.

"Koko aliniita, ukakatala," alisema. "Haukuniuliza kama minataka. Mama Placide, unatupenda sisi, ao unapenda mikono yetu?"

Placide, aliyekuwa anapasua kuni, alimfokea dada yake anyamaze. Émilienne akamwambia Placide ndiye anyamaze. Alikaa chini akaanza kuchambua samaki walioungua, wale ambao ndani bado wangelika, na maneno yake mwenyewe ya kule mwaloni yakamrudia: mikono kumi na sita. Akakumbuka pia watoto waliosimama mlangoni mwa salle. Wakubwa waliokuwa kwenye mabenchi hawakumwuliza mtoto hata mmoja. Lakini na yeye aliyesimama akasema hakuna anayekwenda, hakuwauliza. Ufukweni Mboko pia hakuna aliyemwuliza.

Kesho yake, Latifa alipotoka shule, Émilienne alimkuta njiani, mahali ambapo wengine hawangewasikia. Alimwambia kwamba alikosea kukataa bila kumwuliza, na kwamba sasa anamwuliza. Latifa alijibu mara moja, kama mtu aliyekuwa na jibu tayari kwa muda mrefu: alitaka kwenda Fizi kwa koko yake.

Jibu hilo lilimchoma Émilienne kuliko alivyotarajia.

"Basi utaenda," alisema. "Lakini hautatumwa kama mufuko. Tutapanda sisi wawili. Nione mulango unaingia, nione kitanda, nione shule utasomea. Sitaki siku moja nikutafute nikose kujua njia."

Ayubu aliposikia alishangaa, maana alikwisha kuzoea kwamba neno la mkewe halirudi nyuma. Alimwambia hivyo. Émilienne akamjibu kwamba halijarudi nyuma: amesema hakuna atakayegawanywa, na anayekwenda kwa miguu yake mwenyewe, na mama akajua anakolala, hajagawanywa. Alisema hivyo kwa nguvu, ila Ayubu aliona kwamba alikuwa anajisemesha yeye mwenyewe.

Walipanda pikipiki mbili, moja yao na moja ya mizigo. Barabara ya Fizi ilikuwa imeliwa na mvua, na kwenye miinuko mikali abiria walishuka wakasukuma, matope mekundu mpaka magotini. Walipita mashamba ya muhogo na mahindi, baridi ikaanza kuwagusa, na nyuma yao ziwa likaonekana lote, kubwa na tulivu, kana kwamba halijafanya lolote kwa mtu yeyote.

Nyumba ya Koko Jamila ilikuwa nzuri wakati wa uhai wa mumewe, mfanyabiashara wa vitambaa. Sasa majani yalikuwa yamefika dirishani, na ingawa ulikuwa wakati wa kupika, hapakuwa na moshi. Latifa alibisha hodi. Mwanamke mzee, mrefu, mwenye mtandio safi, alitoka akipapasa ukuta. Alisalimia vizuri, akauliza habari za kila mmoja, akawaletea maji ya kunawa. Akayamimina pembeni ya beseni.

Émilienne alinawa mikono kwenye maji hayo yaliyokuwa yanamwagika, kana kwamba hakuna kilichotokea. Aliona vidole vya yule mzee vilivyoungua ungua. Aliona sufuria ya uji uliokauka tangu siku nyingi. Kisha akamtazama Latifa, akaona kwamba Latifa hakushangaa.

Walipotoka kuteka maji, alimwuliza. Latifa alisema Koko alianza kupoteza macho mwaka uliopita, na alipomtembelea siku ya idi, Koko alimwapisha asimwambie mtu. Aliogopa kwamba ndugu wakijua wangempokezana nyumba hadi nyumba, mwezi huku mwezi kule, mpaka afe bila kujua yuko kwa nani. Ndiyo sababu alimtaka Latifa peke yake. Hakuwa akimwita kumsaidia. Alikuwa akiomba msaada.

"Na mutihani wako?" Émilienne aliuliza.

Latifa aliinua mabega. Akasema ile siku ya samaki aliongea kwa hasira. "Lakini ulizo langu lilikuwa la kweli," aliongeza. Émilienne alikubali kwamba lilikuwa la kweli.

Basi akafanya alichojua kufanya. Alifagia, akakata majani, akafua, akawasha moto, akapika sombe ya majani ya muhogo na bukari na samaki aliyekuja nao. Koko Jamila alikaa kwenye mkeka akimsikiliza anavyokwenda huku na huku. Wakala wote watatu. Walipomaliza, Émilienne alimwambia kwamba ameona, na kwamba hakuna haja ya kuficha, na kwamba amekuja kumwacha Latifa lakini hatamwacha. Angewachukua wote wawili, washuke Baraka.

Yule mzee aliketi wima. Alisema maneno yaliyokuwa yamelala ndani yake tangu Ayubu alipooa tena.

"Mi niende kukaa mu nyumba ya mwanamuke aliyeingia mahali pa mutoto wangu?"

"Sikuingia mahali pake, Koko," Émilienne alisema. "Mahali pake pako, hakuna mutu anapakaa. Mi nilikuya na kiti yangu."

Kisha Koko Jamila akaanza kuuliza maswali, moja moja, kama mtu anayepima kitambaa. Aliuliza kama humo ndani wanapika nguruwe. Akaambiwa hapana, hata siku moja. Aliuliza nani atamwelekeza kibla. Latifa akasema yeye, na akiwa shule, mdogo wake. Aliuliza kama atalishwa kwa kijiko kama mgonjwa, akaambiwa kila mtu humo anakula kwa mkono wake. Mwishoni akauliza kama ni nyumba ya kelele, na nani anapiga kelele zaidi.

"Mimi," Émilienne alisema.

Koko Jamila alicheka, kidogo tu, na bila kutaka. Akasema aletewe sanduku lake.

Alishuka Baraka siku iliyofuata ndani ya lori la mahindi, amekaa mbele kwa dereva na sanduku miguuni, kwa sababu alikataa pikipiki na alikataa pia kubebwa. Ayubu alimpokea kwa kupiga goti, kama alivyompokea zamani alipokuwa mkwe kijana. Watoto walimtazama. Dany, aliyeanza kutambaa, akaenda moja kwa moja akamshika mguu, na tangu siku hiyo ikawa vigumu kumtoa mapajani mwake.

Jioni hiyo Émilienne aliwakusanya wote, akasema kwamba kuanzia kesho Latifa hagusi samaki mpaka mtihani uishe. Placide alinung'unika, akapewa zamu ya dada yake, akanung'unika zaidi, akaifanya. Koko Jamila hakutaka kukaa bure. Ilionekana kwamba akikaa karibu na chanja anaweza kujua kwa harufu upande upi unataka kugeuzwa, na alianza kuamrisha wajukuu, wake na wasio wake, kwa sauti iliyoshindana na ya Émilienne. Déogratias alikuja kulalamika kwamba katika mapatano hapakuwa na mzee asiyeona. Émilienne akamwambia ahesabu vizuri: mikono miwili imetoka, mikono miwili imeingia, bado ni kumi na sita.

Si kwamba walipendana mara moja. Waligombana juu ya chumvi, juu ya namna ya kumwosha mtoto, juu ya Placide kupiga filimbi wakati wa swala. Kuna wiki walizungumza kwa kupitia kwa Latifa tu, ingawa walikaa hatua chache. Koko hakuwahi kumwita Émilienne binti. Lakini siku Émilienne alipopatwa na homa kali na kuanguka sokoni, yule mzee alimkalia pembeni tangu asubuhi mpaka joto liliposhuka, akimbadilishia kitambaa cha maji kwa kupapasa paji lake, na watoto walimsikia akimwambia Mungu kwamba huyu amwache, ana watu wengi.

Kiangazi kilipofika, maji hayakurudi yalikotoka. Mtaa wa chini ulibaki ziwani. Ayubu alipata kiwanja kwenye mwinuko, si mbali na depo, akaanza kufyatua matofali pamoja na wavulana. Henri alikuja kutoka Lulimba siku za likizo. Alikuja, alivyosema mwenyewe, kuona kama sasa mama amechoka na yuko tayari kuwaachia watoto wa ukoo. Alimkuta Placide ndani ya shimo la udongo, matope mpaka kiunoni, anawafokea wadogo zake wote wa kila ukoo wasiharibu mstari. Henri alisimama akatazama. Aliuliza tanuri watalijenga vipi. Placide alipomweleza, alisema namna hiyo matofali yatapasuka, akavua shati, akaingia shimoni. Alibaki mpaka tanuri likawaka, na aliporudi Lulimba alikwenda peke yake.

Nyumba ilikuwa na kuta na mabati, bila dirisha bado, matokeo ya mtihani yalipotoka. Habari zilifika kwanza kwenye simu ya jirani, kisha kilio cha furaha kikatoka nyumba hadi nyumba, na Latifa akaja anakimbia, yeye asiyekimbia, amepita. Hakupata alama za kutangazwa redioni. Alipata za kutosha. Watoto walikwisha kununua poda, na kama ilivyo desturi wakammwagia kichwani na usoni mpaka akawa kama aliyetoka kwenye gunia la unga, wakamwagiana wenyewe, wakamwagia Ayubu aliyekuwa ameshika nyundo. Koko Jamila aliomba apewe kopo. Alisimama, akaita, Mama Placide yuko wapi, na Émilienne aliposogea, yule mzee alimpapasa nywele kwanza, kisha akamimina yote iliyobaki.

Beseni la mikeke lilikuwa limekwisha kufungwa, na samaki wa asubuhi hawawezi kungoja sherehe. Émilienne alijifuta macho tu, akajitwika, akashuka sokoni na kichwa cheupe. Mwanamke mwenzake wa meza ya jirani alimwona akaanza kucheka, akauliza nani amepita mtihani nyumbani kwao.

"Mukubwa wangu," Émilienne alisema.

"Placide? Si bado ni mudogo?"

"Placide ni wa pili," alisema, akifungua beseni. "Mukubwa wangu ni Latifa." Na akaanza kupanga samaki.